Robe Nyeupe ya Pétronille

Habari hii nilipewa na Maman Gracieuse, siku ya Pentekoste mwaka jana, tukiwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya kanisa letu la Evere, maana ukitwanga ndani ya nyumba jirani wa chini wanapanda kulalamika. Yeye aliipata kwa Victorine mwenyewe, aliyemweleza mara mbili, na mara ya pili hakubadilisha kitu isipokuwa siku. Kwanza alisema ilikuwa Ijumaa, baadaye akasema Alhamisi. Mimi nimeshika Alhamisi.

Victorine alikuwa anatunza mzee mmoja wa Kipolandi huko Etterbeek, ghorofa ya tatu, upande wa barabara ya tramu. Kila siku saa mbili asubuhi alifungua mlango kwa ufunguo wake, akavua viatu, akaweka maji motoni, akamnyoa mzee ndevu. Alianzia shavu la kushoto, kwa sababu la kulia lilikuwa linachelewa kuamka. Baada ya ndevu ni dawa, baada ya dawa ni mkate na jibini, halafu anamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka dirishani, aone nani anapita.

Jina lake ni Walenty. Victorine alimwita Papa Walenty. Alikuwa mchoraji wa picha, tena alikuwa msanifu wa nyumba, na kazi zote mbili alizitoa mahali pamoja, kwenye milima ya kusini ya Polandi alikozaliwa. Kule watu wanafuga kondoo, wanakausha jibini kwenye moshi, wanajenga kwa magogo yasiyo na msumari, na mapaa yao yamesimama wima ili theluji isipate pa kukaa. Alipokuwa kijana alizunguka vijiji vile na daftari. Akiona ua limechongwa juu ya mlango, analichora. Akiona mama ameshona suruali ya mume wake nyuzi nyekundu na bluu, anazichora. Halafu alikuja Ubelgiji, akajenga villa za matajiri kule Ardennes zenye mapaa wima na ua la petali sita juu ya mlango, na magazeti yakaandika kwamba mtu huyu amevumbua kitu.

Katikati ya dari ya salon yake palikuwa na boriti nene, iliyotoka kwenye nyumba aliyozaliwa, na katikati ya boriti palichongwa ua lile. Boriti hiyo ilikuwa bado inakua. Kila mwaka iliongeza upana wa kidole, na ilipofika mwaka wa kumi na tisa ilitoboa ukuta ikaingia kwa jirani, mama mjane, ambaye anatundika juu yake makoti yake ya mvua. Kila Noeli alimletea Papa Walenty keki ya kushukuru.

Sasa mzee alikuwa amekaa miaka minne bila kuchora. Macho yalikuwa mazima, mikono ilikuwa inatetemeka kidogo, lakini ugonjwa wenyewe haukuwa kutetemeka. Alikuwa ameishiwa. Daftari lote alikuwa amelimaliza.

Siku moja, Victorine akimkata kucha, mzee akamuuliza, "Wewe umetoka wapi hasa?"

"Congo, Papa. Unajua."

"Congo ni kubwa. Wapi?"

Victorine akasema ametoka Masisi, kule juu, kwenye ng'ombe na baridi, ambako asubuhi unaiona pumzi yako, na ambako watu wanatengeneza jibini kubwa la duara ambalo Goma yote inakula.

Mzee akavuta mkono wake, kucha zikiwa nusu. "Mlima," akasema. "Jibini. Na nyumba? Wanawake wanapamba nini kwenye nyumba?"

Victorine akamweleza kwamba katika kijiji chao, kila karibu na Pasaka, wanawake walipaka ukuta udongo mweupe unaoitwa pemba, na kabla haujakauka walichora juu yake kwa vidole vitatu vilivyochovywa kwenye masizi. Mistari ilikwenda mitatu mitatu, kama jembe. Ilifanya pembe za ng'ombe, ilifanya maji, ilifanya mlima ukipanda na kushuka.

"Nichoree," mzee akasema.

Hapo ndipo mambo yalipoanza, maana Victorine hakuwahi kujua kuchora. Alikuwa na vidole virefu, vimenyooka, vizuri kuviona, lakini akivipeleka ukutani vilifanya uchafu tu. Aliyejua kuchora ni Pétronille, mke wa mdogo wake Bertin. Tena Pétronille alijua vibaya sana, alijua mpaka ilikuwa aibu kwa wengine. Mwaka alioolewa, alipaka nyumba ya mama mkwe, mama yake Victorine, asubuhi moja tu, na mama akatoka, akaangalia ukuta, akasema mbele ya watu, "Mutoto wangu mwanamuke njo huyu." Victorine alikuwa amesimama pale pale na ndoo ya pemba kichwani. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Maji ya pemba yalikuwa yanamdondokea shingoni, na hakuna aliyemwambia atue ndoo.

Vita ikaja, wakatawanyika, wakakutana tena Goma, halafu Bruxelles. Hata siku mama anafariki Goma, simu ilipopigwa, sauti ya kule ilisema, "Anaomba Pétronille kwanza." Victorine alishika simu ile, akaipitisha, akasubiri zamu yake, na zamu yake haikufika. Tangu siku hiyo walikaa wote nyumba moja Evere, Bertin na mkewe chumbani, Victorine kwenye kanapé, kochi la salon, wakapika chungu kimoja. Lakini hilo lilibaki kooni mwake kama mwiba wa samaki, halipandi, halishuki.

"Nitakuletea kesho, Papa," akamwambia mzee.

Jioni akamkuta Pétronille anasonga fufu. Akamtandikia karatasi ya kahawia iliyofungia colis, kifurushi cha posta, akamwambia kwamba ba maman wa kanisa wanatafuta michoro ya kuweka kwenye kitenge cha chama.

"Ya kwetu, ya ukutani," akasema. "Kidogo tu."

"Na pemba iko wapi?"

"Tumia unga."

Pétronille alichovya vidole vitatu kwenye uji wa muhogo, akachora akiwa anaangalia chungu, anaongea na Bertin juu ya bus iliyochelewa. Kidole cha tatu chake kilikuwa kimepinda. Kilibanwa na mlango wa lori pale Sake, siku ya kukimbia vita, kikapona vibaya. Kwa hiyo katika michoro yake mistari miwili ya kwanza inatembea vizuri, na wa tatu unachechemea.

Kesho yake Papa Walenty aliishika karatasi ile mpaka chai ikapoa.

"Huu wa tatu," akasema, "unachechemea."

"Ni mchezo wangu, Papa."

Mzee akaangalia mikono ya Victorine, vidole virefu vilivyonyooka. Akaangalia tena karatasi. Akaomba aletewe rangi.

Basi kila wiki karatasi moja. Pétronille anachora bila kuangalia, Victorine anakunja, mzee anahamisha kwenye vitambaa vikubwa kwa rangi ya mafuta, nyeusi, nyekundu na nyeupe, na kando yake anaweka maua ya petali sita ya kwao. Shavu la kulia likaanza kuamka pamoja na la kushoto. Wageni wakija, mzee anasema, "Huyu ni Victorine, tunafanya kazi pamoja," na Victorine anazunguka na sahani ya biskuti akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Miezi minane ile, Maman Gracieuse anasema, hata kuimba kwake kanisani kulibadilika.

Mwishoni jumba moja la maonyesho karibu na Chaussée d'Ixelles likakubali kupanga picha zote. Zikachapwa kadi. Juu kuna jina la Walenty, herufi kubwa. Katikati, Milima Miwili. Chini kabisa, herufi ndogo za mchwa, kwamba msanii anamshukuru Victorine.

Kadi ile aliiweka mezani mbele ya Pétronille.

"Soma chini."

Pétronille akafuta mikono kwenye tablier, aproni yake ya jikoni, akasogeza kadi mbali na macho. "Asante kwa Victorine. Bon. Félicitations, Victo."

"Ni vile tu?"

"Unataka nipige vigelegele? Jirani wa chini atapanda na balai ya kufagia."

"Utakuja?"

"Nitavaa nini kwa bazungu?"

"Vaa robe yako nyeupe ya communion. Ile haina kitu. Ni simple, iko bien."

Mtu anaweza kuuliza kwa nini alimwita. Michoro ni ya Pétronille, ataiona ukutani, si ataitambua? Victorine alijipa majibu. Kule kwao michoro ilifunikwa kila mwaka kwa pemba mpya, na Pétronille hakuwahi kuililia wala kuikumbuka. Tena hapa ilikuwa rangi ya mafuta, imekuwa mikubwa kama mlango. Lakini ukweli ni kwamba asingeweza kutomwita. Sifa ambayo Pétronille hajaiona kwa macho yake, kwa Victorine haikuwa sifa bado. Na ile robe nyeupe, gauni la kanisani, alimchagulia makusudi, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshonesha liputa, vazi la kitenge, lenye tausi, na alitaka siku hiyo mwingine awe ukuta na yeye awe mchoro.

Alhamisi, à dix-huit heures, saa kumi na mbili jioni, watu walikuwa wamejaa. Papa Walenty alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa kizibao cha kwao cha ngozi ya kondoo. Victorine alisimama nyuma yake, mikono kwenye vishikio. Pétronille alisimama mbele ya picha ya kwanza muda mrefu. Aliangalia picha, aliangalia kidole chake, akarudi kwa picha. Halafu akamwambia Bertin, kwa sauti ya kawaida, "Huyu muzee iko na kidole kama yangu."

Bertin akakohoa. Victorine alisikia, akarekebisha kitambaa cha kichwa.

Mkubwa wa jumba lile, Madame Rolande, mama Mbelgiji mrefu mwenye miwani ya mnyororo, akasimama kuhutubu. Alisema juu ya milima. Alisema juu ya mstari wa tatu, kwamba mstari huu unaochechemea ndio uchungu wa watu wa juu, uchungu ambao msanii ameugundua baada ya miaka sabini ya kutafuta. Watu wakapiga makofi. Makofi yalipokuwa yanaisha, michoro ikashuka ukutani.

Ilishuka taratibu, bila kelele, mitatu mitatu. Pembe za ng'ombe zilitangulia, maji yakafuata, milima ikaja nyuma kwa sababu ilikuwa mizito. Ikafika chini, ikaanza kuvuka sakafu. Mlinzi akasogea kando. Mama mmoja akainua pindo la sketi yake ili isiliguse. Muhudumu mwenye sahani ya glasi akasimama, akangoja ipite, kama mtu anavyongoja mbuzi wavuke njia. Maua ya petali sita nayo yalishuka, lakini yenyewe yaliviringika kama magurudumu ya baiskeli mpaka mlangoni, na kijana wa vestiaire, anayetunza makoti, akayafungulia. Yakapanda na Chaussée d'Ixelles kuelekea Porte de Namur. Waliokuwa kule wanasema yaliingia metro.

Mistari ilimfikia Victorine. Hakusogea. Alifungua miguu kidogo na kusimama wima, kama mtu anayepokea mgeni wake. Mistari ikapanda juu ya kiatu chake cha kushoto, ikashuka upande wa pili, ikapanda cha kulia, ikashuka, ikaendelea. Ilimtekenya kidogo, basi. Ikafika kwa Pétronille, ikapanda kwenye robe nyeupe, ikaanza kujipanga kiunoni, mgongoni, mikononi, mpaka kifuani. Ile nyeupe ilikaa juu ya nyeupe ikaonekana kama ushonaji. Mstari wa mwisho uliochechemea ulichelewa, ukapanda peke yake, ukakaa kwenye kola.

Pétronille alishika robe kwa vidole viwili, akaizungusha aone nyuma. "Eh," akasema. "Zinakumbuka."

Kwenye vitambaa vya ukutani kilichobaki ni jina la Walenty pembeni, na theluji. Theluji mzee alikuwa ameichora mwenyewe.

Jumba lote likamgeukia. Hakuna aliyepiga kelele, walikuwa wanangoja tu, kama unavyongoja ofisini mtu atafute karatasi. Papa Walenty akageuza shingo juu, kumtafuta Victorine.

"Victorine," akasema. "Zimekwenda kwa mwingine. Ni zake?"

Victorine aliona uso wa Pétronille. Haukuwa na hasira. Ulikuwa ule ule wa asubuhi ile ya pemba, uso wa mtu asiyehitaji kitu. Kama ungekuwa umekasirika, Victorine alimwambia Maman Gracieuse, labda angesema kweli.

"Hapana, Papa," akasema. "Zimekosea muntu."

"Zimekosea," Papa Walenty akarudia, akawaambia watu.

"Basi ni kosa," Madame Rolande akasema, akashusha pumzi, na wote wakashusha pumzi. Akaja kwa Pétronille, akamshika mkono kwa upole. Akamweleza kwamba picha hizi jumba limezichukua mpaka Septemba, zina bima, na kwa kuwa sasa ziko kwenye robe, robe ndiyo kazi. Madame mwenye robe anaweza kubadilisha nguo kule nyuma, kuna choo safi. Wakamletea hanger ya mbao. Dakika kumi baadaye robe ilikuwa ukutani chini ya taa, na mtu alikuwa anabandika kibao kipya: Walenty, mafuta juu ya pamba. Makofi yakapigwa tena, marefu kuliko ya kwanza.

Pétronille alirudi Evere ndani ya koti la mvua la Victorine, limefungwa mpaka shingoni, hakuna kitu chini. Ndani ya bus walikaa kiti kimoja. Bertin alikaa mbele, akajifanya anasoma matangazo.

"Victo."

"Mm."

"Ulisema zimekosea muntu."

"Ningesema nini? Mbele ya bale bantu bote?"

"Ungesema Pétronille. Haiko jina ndefu."

Bus ikasimama, ikaondoka.

"Wewe ulipewa maman," Victorine akasema. "Nilikuachia maman. Haikutosha?"

"Kumbe tuko bado kwa ile ndoo?" Pétronille akacheka kidogo, puani. "Alors, kama ni vile, ungeniambia tu. Ningekuchorea ata mia, uandike jina yako. Mimi niko nachora nikipika. Lakini wewe unataka nichore, halafu tena nikuonee wivu. Hiyo ni kazi mbili, Victo. Moja ni yako."

Victorine akaangalia dirishani. Neno la kurudisha lilimjia siku mbili baadaye, akiwa anasafisha bafu, na halikuwa zuri.

Jumapili ile, Pétronille alipofungua macho, mistari ilikuwa kwenye foronya ya mto wake. Ilikuwa imeacha robe ukutani, ikatembea kutoka Ixelles mpaka Evere, ikapita chini ya mlango. Jumatatu Madame Rolande akapiga simu, akaongea vizuri, akatuma camionnette, gari dogo la mizigo. Dereva wake alikuwa Papa Ngoy, mtu wa Lubumbashi, ana glavu nyeupe na makaratasi ya hariri. Foronya ikakunjwa, ikaondoka. Kufika Alhamisi iliyofuata, mistari ilikuwa kwenye tablier. Halafu kwenye taulo. Halafu kwenye pazia la jikoni.

Ikawa kawaida. Jumatatu, à dix heures, saa nne asubuhi, Papa Ngoy anapiga kengele.

"Maman Pétro, leo tuko na nini?"

"Leo ni drap ya kitanda, Papa Ngoy. Ile kubwa. Kwanza kunywa chai."

"Banasema kule bantu banapanga mustari mpaka kwa barabara, kuona ile tablier."

"Ata mafuta ya samaki ya sambaza haikutoka pale kwa tablier."

"Njo banaipenda! Madame alisema ile mafuta ni matière, iko ndani ya kazi." Anacheka, anapuliza chai. Wa Lubumbashi wanapenda sukari nyingi. Anasaini karatasi, anabeba, anashuka ngazi polepole asiikunje. Jumba lilileta kila mara drap mpya, nyeupe, safi, mahali pa iliyochukuliwa, na Pétronille alisema hakuwahi kuwa na matandiko mazuri hivyo.

Victorine aliyaona yote hayo kutoka kwenye kanapé yake. Watu wa kule walikuwa wanaandika jina la Walenty. Pétronille hakupata hata herufi ndogo za mchwa. Ungefikiri basi roho ya Victorine itatulia, kwa kuwa sasa wote wawili hawana kitu. Haikutulia. Hata ikiibiwa, michoro ilirudi kwa Pétronille. Hata ikipigwa pasi na kufungiwa ndani ya kioo, inatafuta Evere.

Alimuuliza Papa Walenty, siku moja akimnyoa.

"Papa, ulijua?"

"Kidole? Tangu siku ya kwanza." Akanyamaza wembe upite chini ya pua. "Nilipofanya maonyesho ya kwanza, kule kwetu, nilikuwa na miaka ishirini na sita. Maua yote yalishuka, yakaenda kijijini kwa seremala mmoja, Jasiek. Yakakaa kwenye mlango wake. Tukaenda na gari, tukaufungua mlango, tukauleta mjini."

"Na yeye?"

"Alitengeneza mlango mwingine. Yakarudi. Tukaenda tena. Milango kumi na mmoja, mpaka alipokufa. Sasa ni mjukuu wake. Wiki iliyopita ameandika barua kwamba mlango umejaa, na anauliza gari linakuja lini."

"Hamkuandika jina lake?"

"Kwetu seremala haandiki jina lake kwenye nyumba. Anaandika la mwenye nyumba." Alisema kama mtu anayetaja bei ya mkate. Halafu akashika kifundo cha mkono wa Victorine, wembe ukiwa hewani. "Unafikiri sikumwonea wivu? Nilikuwa naamka asubuhi namchukia, na chakula cha mchana nakula kwake. Alikuwa hata haangalii anachochonga, anaongea na mbwa. Mimi na wewe tumepewa macho, Victorine. Macho tu. Tunaona kizuri kabla ya wote, halafu hakitujii."

Victorine akamaliza shavu la kulia. Hakupenda kuhesabiwa pamoja naye. Juu yao boriti ilikuwa mahali pake na ua lake, halijaondoka. Ni Jasiek aliyelichonga, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliandika kwa jina la mwingine, halikuwa na sababu ya kwenda popote. Upande wa pili wa ukuta wakasikia jirani anatundika koti.

Ikafika Jumatano moja ya Juni. Pétronille anasafisha maofisi, anaamka saa kumi alfajiri, kwa hiyo nyumba ile inalala mapema, na Juni ya huku jua bado linapiga kwenye kuta za jirani wakati watu wanavaa nguo za kulala. Bertin alikuwa ameshaanza kukoroma. Pétronille alikuwa anasuuza sahani ya mwisho.

"Pétro," Victorine akasema, "nipe ile chemise de nuit yako."

"Ile ya bluu? Inakubana."

"Nipe tu. Na wewe lala na ya kwangu."

Pétronille alimwangalia, sahani inadondosha maji. Alielewa, bila shaka alielewa. Aliingia chumbani, akarudi na chemise de nuit, gauni lake la kulalia, na juu yake foronya yake ya mto na kitambaa chake cha kichwa.

"Chukua na hivi," akasema. "Zisipate kisingizio."

"Unanicheka."

"Kidogo." Akampa vyote. "Lala, dada. Kesho ni Alhamisi, zitakuja."

Akaingia, akafunga mlango nusu. Baada ya muda kitanda kililia, halafu kikanyamaza.

Victorine alivaa chemise de nuit, ikambana kwapani. Akafunga kitambaa. Akalaza kichwa kwenye foronya, ikanukia mafuta ya nywele ya Pétronille na kitunguu. Akaunyoosha mkono wa kulia juu ya blanketi, akakunja kidole cha tatu, akakishikilia hivyo. Mwanga wa jioni ulikuwa umekaa kwenye zulia, mwekundu, haukuwa na haraka.

Akaisikia mistari ngazini. Ilikuja mitatu mitatu, na wa tatu ukichechemea. Ikapita chini ya mlango, pembe za ng'ombe mbele, maji, halafu milima. Ikavuka zulia mpaka kwenye kanapé. Ikasimama. Victorine akashika pumzi. Ikapanda kwenye blanketi, ikafika magotini, ikanusa kile kidole alichokikunja, polepole, kama mtu anayepita juu ya mtoto aliyelala na hataki kumwamsha. Halafu ikashuka upande wa pili, ikaingia chumbani kwa ule mlango uliofungwa nusu.

Milima ndiyo ilibaki nyuma. Ilikuwa mizito, na miguu ya Victorine ilikuwa imeziba njia. Alingoja kidogo aone kama itageuka. Halafu akakinyoosha kidole, akakunja miguu yake ipite, na ilipokwisha kupita akavuta blanketi mpaka shingoni, akalala.